Hasidi Anayo Sababu

Mtoto amesimama katikati ya njia, amekunja uso, na hataki kusogea.

"Mjomba, huyu ana roho mbaya," mpwa wangu aliniambia siku aliyonikabidhi pedi ya gemu. Alikuwa amekwama hapo tangu asubuhi. Kila akimwendea, mtoto yule wa kwenye kioo anamjibu kwa kejeli na kumrudisha alikotoka. Nilidhani ni mchezo wa kupigana, nikamwuliza kwa nini asimtandike tu akapita zake. Akanitazama kwa ile huruma ambayo watoto hututazamia wakubwa wao tunapouliza maswali ya kijinga.

"Hapigiki, Mjomba."

Jina la mtoto yule ni Mido. Gemu yenyewe ni The Legend of Zelda: Ocarina of Time, iliyotolewa na kampuni ya Nintendo ya Japani mnamo Novemba 1998 kwa ajili ya mashine yao ya Nintendo 64, na wapenzi wa gemu huitaja mpaka leo kila wanapobishana ipi ni bora kuliko zote. Walioicheza utotoni wanamkumbuka Link, shujaa mwenye nguo za kijani, na Zelda, binti mfalme, na Ganondorf, mwovu anayetaka kutawala dunia. Mimi niliifikia ukubwani, kwa kuombwa msaada na mtoto wa dada yangu, na aliyebaki kichwani mwangu ni huyu mkorofi wa njiani ambaye hadithi kuu ingeweza kuendelea bila hata kumtaja.

Kijiji chao kimo ndani ya msitu, na wakazi wake ni watoto watupu. Wanaitwa Kokiri. Hakuna mzee wala mzazi, na hakuna anayekua. Mlezi wao ni mti mmoja mkubwa mno wenye uso na sauti, Mti Mkuu Deku, na kila mtoto ana kichimbakazi wake, kiumbe kidogo cha nuru chenye mbawa kinachoelea kando yake popote aendapo. Kila mtoto isipokuwa mmoja. Link amelelewa hapo, anavaa kama wenzake, analala katika nyumba ya mtini kama wenzake, lakini kichimbakazi hana. Fikiria darasa ambalo wote wana sare na mmoja kaja na shati la nyumbani. Mido ndiye anayehakikisha hakuna anayesahau hilo. Amempachika hata jina la utani linalotokana na upungufu huo.

Asubuhi ambayo hadithi inaanza, Mti Mkuu ni mgonjwa. Amelaaniwa, anahisi mwisho wake, na anamtuma kichimbakazi aitwaye Navi akamwite Link. Kati ya watoto wote wa msitu, ameitwa yule asiye na kitu. Link anatoka nyumbani na Navi akiruka juu ya kichwa chake, Saria rafiki yake anafurahi kwa niaba yake, na anapofika kwenye njia nyembamba ya kwenda kwa mti anamkuta Mido.

Mido haamini. Kwa nini aitwe huyu, asiitwe yeye? Na kwa kuwa hawezi kumwuliza mti, anaweka sharti: hakuna kupita bila upanga na ngao. Analitoa sharti hilo akiwa anajua vizuri kwamba Link hana upanga wala ngao. Masharti ya hasidi ndivyo yalivyo, hukatwa kwa kipimo cha kile anachojua huna.

Nimewaza sana juu ya waliobuni kizuizi kile. Watengenezaji wa gemu walikuwa na tatizo la kawaida la kazi yao. Ndani ya Mti Mkuu kuna wadudu na mitego. Mchezaji akiingia mikono mitupu atakufa mara moja na kuikasirikia gemu. Lazima azuiwe mpaka awe na silaha. Wangeweza kuweka jiwe. Wangeweza kuweka mlango wenye kufuli, na mbele zaidi katika gemu hiyohiyo milango ya namna hiyo imejaa. Hapa mwanzoni, mahali ambapo mchezaji bado anajifunza hata kutembea, wakaamua kufuli liwe mtoto mwenye kijicho.

Basi Link anahangaika. Upanga umo mahali ambapo hufiki mpaka utambae ndani ya tundu dogo na kuukwepa mwamba wa mviringo unaobingirika huku na huko. Ngao inauzwa dukani kwa rupia 40. Ndiyo, fedha ya nchi ile huitwa rupia, ingawa haihusiani na zile walizoshika mababu zetu wa pwani. Rupia utaziokota kwenye nyasi na chini ya mawe, na nyingine utazipata ndani ya nyumba ya Mido mwenyewe, ambayo ina masanduku manne na mlango usiofungwa. Mpwa wangu aliyakomba yote bila aibu. Nilimwambia huo ni wizi. Akaniambia ni malipo.

Nyumba hiyo nje ina kibao. Kinatangaza kwamba hapa anakaa Mido aliye mkuu, bosi wa Kokiri. Hakuna mahali ambapo Mti Mkuu anasema amemteua, wala hakuna mtoto anayekumbuka kumchagua. Cheo kimeandikwa kwenye kibao na mwenye cheo. Na cheo hicho kina kazi: karibu na nyumba ya Saria utamkuta mtoto anayekata nyasi, naye atakueleza kwamba hakupenda, ameamrishwa na Mido. Bosi anataka uwanja wa Saria upendeze. Anataka Saria atoke mlangoni aone jinsi anavyojaliwa. Jasho lakini ni la mwingine.

Kile kibao ndicho kilichonikumbusha ukiranja wangu. Nilikuwa kiranja wa darasa la tano, na silaha yangu ilikuwa karatasi ya majina ya wapiga kelele. Mwalimu akitoka, mimi nasimama nyuma ya darasa na kalamu. Darasani alikuwamo kijana mmoja mpole ambaye insha zake zilisomwa mbele yetu kila wiki, na mimi insha zangu hazikusomwa. Hakuwa mpiga kelele. Sauti yake ulikuwa huisikii hata ukimkalia karibu. Jina lake nililiandika kwenye karatasi ile mara nyingi kuliko la mtu yeyote, na viboko akala. Kama ungeniuliza wakati ule kwa nini, ningekuambia anapiga kelele. Na ningeapa.

Kwenye kanga kuna usemi unaopendwa sana: Hasidi hana sababu. Umevaliwa harusini na misibani, umetundikwa dirishani pasipo pazia, umetumwa kama salamu kwa jirani. Naelewa unavyofariji. Aliyeonewa anapumzika kujua kwamba hakukosa lolote, kwamba mwenziwe ni mgonjwa tu. Ila kwa aliyewahi kuishika karatasi ya majina, usemi huo ni msamaha wa bei rahisi mno. Sababu ilikuwepo. Niliijua hata nilipokuwa nikiapa. Ila ilikuwa sababu ya kutia haya, na mtu akiwa na sababu asiyoweza kuitamka, hutafuta sheria ya kuificha nyuma yake: umepiga kelele, huna upanga, huna ngao, wewe si mwenzetu.

Mido aliitamka mara moja, bila kujua kama ameitamka. Link aliporudi na upanga na ngao, kijana akakosa la kushika. Kwanza anasema kwamba mnyonge ni mnyonge hata akivikwa silaha, na kwamba yeye Mido hatamkubali kamwe kuwa mmoja wao. Kisha ananung'unika, kwa maneno yanayotoka kama yamemponyoka: imekuwaje huyu akawa kipenzi cha Saria na cha Mti Mkuu pia? Anapisha.

Mpwa wangu alishangilia na kukimbia mbele. Mimi nilitaka arudi nyuma tumsikilize tena.

Kiswahili kina maneno mengi kwa ugonjwa huu, na hayana maana moja. Wivu ni wa mtu anayeogopa kupokonywa kilicho chake, au anachodhani ni chake. Kijicho ni cha anayetazama cha mwenziwe na kutamani kingekuwa kwake. Watu wa pwani watasema anaona gere. Husuda ndiyo inayotisha, kwa sababu hasidi hahitaji apate yeye. Anataka wewe ukose. Mido asubuhi ile alikuwa nayo yote matatu. Wivu ulikuwa juu ya Saria. Kijicho kilikuwa juu ya wito wa mti. Lakini kwa habari ya kichimbakazi hakuna cha wivu wala kijicho: Mido anaye wake, anaelea pale pale kando ya sikio lake. Kuja kwa Navi hakukumpunguzia hata chembe. Kilichomuuma ni kwamba Link sasa hapungukiwi.

Kuna wale watakaorukia hapa na kutoa somo la ushindi: kwamba hasidi wako ndiye ngazi yako, maana bila Mido, Link angeingia kwenye hatari bila silaha. Hesabu yenyewe ni sahihi. Sharti la inda ndilo lililomvisha upanga na ngao, na rupia za masanduku ya Mido ndizo zilizosaidia kumpitisha Mido. Lakini anayeligeuza jambo hili kuwa somo anamtazama Link tu, na Link hana tatizo. Ana kazi ya kufanya, ana rafiki, ana kichimbakazi sasa. Aliyebaki njiani peke yake, baada ya mlango wake kupitwa, ndiye wa kuangaliwa.

Ndani ya Mti Mkuu, chanzo cha ugonjwa ni mdudu aitwaye Gohma, jitu la mithili ya buibui lenye jicho moja kubwa. Ukitaka kumshinda unalipiga jicho. Wajapani walioibuni gemu hawakuwa na habari kwamba kijicho cha Kiswahili kimetokana na neno jicho, kwa hiyo sitadai kuna fumbo hapo. Nasema tu kwamba nilipomwona yule mdudu amejishikiza darini, gizani, jicho linang'aa na kumeza kila kitu kinachosogea, nilicheka peke yangu, na mpwa wangu akaniuliza nini.

Mdudu anakufa. Na mti pia unakufa. Laana ya Ganondorf ilikuwa imeshaingia kabla Link hajaitwa, na Mti Mkuu anamweleza hivyo waziwazi kabla ya kukata roho. Link anatoka nje akiwa amefanya yote aliyoombwa na ameshindwa kuokoa alichoombwa kukiokoa. Mtu wa kwanza kukutana naye ni Mido.

Mido anauliza kama ni kweli mti umekufa. Halafu, bila kungoja, anasema ni kosa la Link.

Mwanzoni nilimchukia kwa neno lile. Baadaye nikamfikiria. Huyu ni mtoto asiye na mama wala baba, aliyefiwa muda uleule na mlezi wa pekee aliyepata kumjua, na ambaye asubuhi yake yote alikuwa amesimama nje, umbali wa hatua chache kutoka kwenye kitanda cha mauti, akijishughulisha na nani apite. Hakuitwa kumuaga. Angepaswa kulia. Mwenye kijicho lakini hana pa kulilia, kwa maana mashtaka yako tayari muda wote, yameandikwa yote isipokuwa jina la kosa, na msiba ukifika hujazwa humo. Rahisi kusema "umeua" kuliko kusema "nami nilimpenda, mbona hakuniita".

Link anaondoka msituni siku hiyohiyo. Saria anamngoja kwenye daraja, anampa okarina, filimbi ndogo ya kukumbatia kwa viganja viwili, na anamwacha aende. Mido hayupo kwenye daraja.

Nikiri kitu ambacho hakimo ndani ya hadithi, ila kinanipendeza. Jina Mido ni la zamani kuliko mtoto huyu. Katika Zelda II: The Adventure of Link ya mwaka 1987, Mido ni mji. Rauru pia ni mji humo, na Ruto, na Saria, na Nabooru, na Darunia. Miaka kumi na moja baadaye watengenezaji waliyachukua majina ya miji hiyo wakawapa watu wa Ocarina of Time, na wote watano niliowataja wakawa wahenga, wale wenye hekima ambao nguvu zao zinaunganishwa kumfungia Ganondorf. Mido peke yake, kati ya majina hayo sita, hakupewa cheo chochote. Akabaki na kile alichojiandikia kwenye kibao. Na kichekesho kilichomo ndani ya kichekesho: katika ile gemu ya zamani, mji wa Mido ndipo Link anapofundishwa uganga wa kujigeuza kichimbakazi.

Miaka saba inapita. Namna inavyopita ni ndefu kueleza; itoshe kusema Link anang'oa upanga mtakatifu, analazwa usingizi, na anaamka kijana mkubwa katika dunia iliyokwisha kutekwa. Anarudi msituni. Nyasi zile alizokuwa akikata mtoto wa watu sasa zimejaa mimea inayouma, na watoto wamejifungia ndani. Unakwenda nyumbani kwa Mido, humkuti.

Yuko mbali zaidi, ndani ya msitu wa nyuma, ule ambao mgeni akiingia hupotea asirudi. Saria amekwenda mbele, kwenye hekalu la msituni, kujaribu kufanya linalowezekana. Mido amemwahidi kwamba hatampitisha mtu. Na pale amesimama. Miaka saba, mtoto yuleyule, kimo kilekile, kizuizi kilekile, na bado hapigiki.

Pedi ilikuwa kwangu sasa. Mpwa wangu alikuwa amekwenda kuoga. Nilijua ninachokiona, ila ilinichukua muda kuelewa kwa nini kinaniuma. Mara ya kwanza Mido alisimama njiani kwa sababu hakutaka mtu apate alichokosa yeye. Mara hii amesimama kwa sababu yupo anayempenda upande wa pili. Mikao miwili haina tofauti hata kidogo. Kama ungekuwa mpita njia, ungesema tu: yule mtoto mkorofi bado yupo, bado anasumbua watu. Ndiyo maana wenye tabia hii wakibadilika hakuna anayeamini, wala wao wenyewe hawajui waonyeshe nini, kwa sababu mwili umezoea mkao mmoja.

Na hamjui Link. Hawezi kumjua. Kwa Kokiri mtu hakui, kwa hiyo aliyesimama mbele yake, mrefu, mabega mapana, ni mgeni mtu mzima tu aliyevaa nguo zao. Link naye hasemi. Katika gemu hii Link hajapewa mistari ya kuzungumza. Wengine wanasema, yeye anasikiliza, na mchezaji anabonyeza. Hawezi kusema "ni mimi". Anachoweza ni kutoa okarina.

Wimbo wa Saria ni noti tatu zinazopigwa mara mbili, kisha muziki wa Koji Kondo unadakia na kuruka nao kama mtoto anayerukaruka juu ya mawe ya mtoni. Unaupiga, na Mido anatulia. Wimbo ule, anasema, Saria hufundisha marafiki zake tu. Kama unaujua, basi atakuamini. Anasogea. Na kabla hujapita anakutazama, na anasema hajui kwa nini, lakini umemkumbusha mtu.

Hamtaji jina. Mara ya kwanza alikuwa na la utani tayari.

Ndani ya hekalu Saria anapatikana, ila hapatikani kwa namna ambayo Mido anangojea. Ameamka kuwa mhenga wa msitu, na wahenga hawarudi kijijini kucheza. Anamwambia Link hivyo kwa upole. Mido haambiwi na mtu. Anajua mwenyewe, kwa kungoja.

Mpwa wangu alikuwa na haraka ya kwenda kwenye hekalu lililofuata, lile la moto. Nikamwomba tupite kwanza nyumbani kwa Mido, kwenye kile kibao. Alikuwamo. Ukimsemesha, anakuambia kwamba Saria hatarudi tena. Halafu anasema alikuwa amemwahidi jambo: Link akija kurudi, amwambie kwamba Saria alikuwa akimngoja, kwa sababu Saria alikuwa anampenda sana. Hapo anasita. Kisha anakugeukia wewe, mgeni mrefu, anakuomba ukimwona Link mahali fulani umfikishie ujumbe huo. Na kitu kingine. Kwamba anaomba radhi kwa jinsi alivyomfanyia ubaya. Umwambie na hilo pia.

Ile sababu iliyomponyoka asubuhi ya kwanza, safari hii ameitoa mwenyewe. Saria alimpenda yule. Aliyeambiwa, ambaye ndiye mwenyewe, amesimama futi tatu mbele yake na hawezi kujibu.

Nilibonyeza kitufe, maandishi yakaisha. Nikamsemesha tena. Katika gemu mtu asiye na neno jipya hurudia la zamani, na Mido akarudia: hatarudi, alikuwa akimngoja, anaomba radhi. Nikabonyeza tena. Ataomba radhi mara elfu ukitaka. Kila mara ataiomba kwa mjumbe.

"Mjomba, si ameshasema," mpwa wangu aliniambia.

Wanaoifuatilia Zelda watanikumbusha kwamba mfululizo huu una hasidi mwingine, Groose wa Skyward Sword ya mwaka 2011, ambaye anaanza kwa ubabe na nywele zilizochongwa na kuishia akimsaidia Link bega kwa bega. Namjua, na watu wanampenda kuliko Mido. Naona alibahatika. Groose aliendelea pamoja na hadithi, akawa karibu na yule aliyemwonea, akapata nafasi ya kulipa kwa vitendo mbele ya macho yake. Kwa Mido, siku iliyofaa kusema ilikuwa ile ya daraja, na hakwenda darajani. Yaliyofuata ni miaka saba.

Kijana wa insha aliondoka shuleni kwetu katikati ya mwaka uliofuata; nasikia baba yake alihamishwa kikazi. Sijui alikwenda wapi. Hata kama ningekutana naye ukubwani, kwenye basi au foleni ya benki, nisingemtambua. Ninachokikumbuka ni kichogo chake, maana alikaa dawati la mbele, nami nilikuwa nimesimama nyuma yake nikiandika.

Ganondorf anashindwa hatimaye. Sherehe inafanyika kwenye shamba la mifugo la Lon Lon, usiku, na dunia nzima imekuja: wafugaji, mafundi, watoto wa Kokiri waliotoka msituni kwa mara ya kwanza. Watu wanacheza ngoma kuuzunguka moto. Pembeni, chini kabisa, wamekaa wawili wasiocheza. Mmoja ni mfalme wa watu waitwao Zora, mnene na mkubwa, ambaye binti yake Ruto amekuwa mhenga wa maji na hatarudi. Wa pili ni Mido. Hakuna aliyewapanga wakae pamoja, na hawana cha kuzungumza, mfalme na bosi wa kujitangaza. Baadaye nuru zinatokea juu angani, za rangi mbalimbali, na watu wanaziangalia. Mojawapo ni ya kijani.

Lakini Zelda ameshampeleka Link kwingine. Ameipiga okarina na kumrudisha miaka saba nyuma, awe tena mtoto, aishi ile miaka aliyolala. Kwa hiyo Link anatembea katika dunia ambayo Mido hajaomba radhi. Hajasimama kwenye njia ya pili, hajausikia wimbo kwa mgeni, hajasema neno. Link peke yake ndiye anayekumbuka, na Link hasemi. Tunamwona akiingia kwenye ua wa ikulu, Zelda mdogo anageuka kumtazama, na gemu inakatika hapo.

Msituni hatupelekwi. Lakini nikihesabu siku vizuri, kwenye uwanja wa Saria yuko mtoto anakata nyasi, kwa amri ya bosi.